Mtoto Anabaki na Nani?

Mazungumzo haya ni ya Uyole, jijini Mbeya. Shangazi alikuwa karani wa mizani katika mashamba ya chai Mufindi hadi alipostaafu. Binti ni mtoto wa kaka yake. Ni mhasibu, na likizo yake ya uzazi inakaribia kwisha.

BINTI: Shangazi, mama mkwe anasema mtoto bado mchanga, niache kazi. Rafiki zangu wananiambia nikiacha nitakuwa golikipa tu, kazi yangu kumsubiri mume alete. Wewe ungechagua lipi?

SHANGAZI: Kwanza niambie, ukienda kazini mtoto anabaki na nani?

BINTI: Tumeletewa dada wa kazi kutoka Kilolo. Ana miaka 16. Alimaliza la saba, kwao hawakuweza kumwendeleza.

SHANGAZI: Sheria ya ajira inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 14, kwa hiyo huyo amevuka. Lakini yeye alichagua nini? Iringa yetu imetoa wasichana wa kazi kwa Dar es Salaam miaka na miaka, hadi watu wanaona ndiyo kawaida ya mkoa. Mama wa mjini akisifiwa kwamba amechagua kazi, mara nyingi kuna binti wa watu nyumbani kwake ambaye hakuulizwa. Na kule Kilolo kuna mama mwingine aliyebaki na shamba bila msaidizi.

BINTI: Unanihukumu, shangazi?

SHANGAZI: Sikuhukumu, mwanangu. Mwandikieni mkataba, mumpe siku ya kupumzika, mumwulize kama anataka kusomea ufundi VETA. Na mshahara wake mlipe wote wawili.

BINTI: Hapo ndipo tunapogombana! Mume wangu anasema nikitoa hela ya dada, nauli na maziwa ya kopo, mshahara wangu haubakizi kitu, heri nikae.

SHANGAZI: Mbona hesabu hiyo inapigwa kwenye mshahara wako peke yako? Mtoto ni wenu wote. Wewe mhasibu, toa nusu kwake na nusu kwako, kisha mwonyeshe kinachobaki.

BINTI: Na kina mama wa chai huko Mufindi, wao walichaguaje?

SHANGAZI: Hakuna aliyewauliza. Mchuma chai analipwa kwa kilo. Kikapu kinakaa mgongoni, pale pale ambapo mtoto angebebwa. Basi mtoto anaachwa mwisho wa mstari, chini ya mti, na dada yake wa miaka saba au minane. Mvua zikinyesha na majani yakachipua kwa wingi, ndipo huyo dada anapokosa shule. Nilikuwa nikiwaona. Mama anashusha kikapu, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, anavifuta kwenye khanga kabla ya kumshika mtoto. Akimaliza kunyonyesha, wenzake wamekwisha kwenda mbali. Jioni kilo zake zinapungua, na mimi ndiye niliyekuwa naziandika daftarini. Ilikuwa inaniuma, na bado inaniuma.

BINTI: Lakini bibi zetu si walikaa nyumbani?

SHANGAZI: Nani kakudanganya? Wakati wa ukoloni wanaume wa Rungwe walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, kule Chunya, na wengine kwenye migodi ya shaba Rhodesia ya Kaskazini. Wa Iringa na Njombe walikwenda kukata mkonge Tanga, ndio manamba. Migomba, mahindi, kuni na wagonjwa vyote viliachiwa mama. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilikiri wazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini. Kukaa nyumbani bila kushika jembe, huku kwetu, ni jambo la juzi na la watu wachache.

BINTI: Angalau mimi nimeajiriwa kwa mkataba.

SHANGAZI: Ndiyo, na hiyo ni bahati kubwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 za likizo yenye malipo, 100 kwa aliyejifungua pacha. Ukirudi, unastahili hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, ndani ya muda wa kazi. Umeziomba?

BINTI: Naona aibu. Bosi atasema nategea.

SHANGAZI: Omba kwa barua. Anayeuza ndizi sokoni Mwanjelwa hana bosi wa kumwandikia. Mumeo naye, kwa kawaida, sheria inampa siku 3 tu za likizo. Kwa hizo siku 3, sheria yenyewe imeshaamua nani abaki na mtoto.

BINTI: Na nikiamua kukaa?

SHANGAZI: Kaa ukiwa na jina lako kwenye karatasi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi ule umewasaidia wanawake wengi. Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, kwa sababu mahakama iliona ametumia vibaya fedha alizopewa na mumewe. Usingoje kufika huko. Sheria za ardhi za 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Kiwanja chenu kimeandikwa jina la nani?

BINTI: La mume wangu.

SHANGAZI: Basi rudi kazini, na barua yako ya saa za kunyonyesha mkononi. Kiwanja kikishaandikwa majina yenu mawili, mtoto wa pili akija na ukataka kukaa naye miaka mitatu, utakaa kwa kupenda kwako. Kabla ya hapo usiache kazi.