Ramani kwa Macho Yote

Sisi wa Kidato cha Nne twajifunza kusoma ramani, na kila mmoja wetu ajua maana ya rangi zake: bluu ni maji, kijani ni msitu, nyekundu ni barabara kuu, kahawia ni kontua. Lakini yuko mwenzetu ambaye kwake kijani, nyekundu na kahawia hukaribia kuwa rangi moja. Kwa mbali huona vizuri kuliko mimi; rangi tu ndizo humchanganya. Hali hiyo huitwa upofu wa rangi.

Huo si uvivu, wala si ugonjwa wa kuambukiza. Ndani ya jicho mna seli za namna tatu zinazopokea rangi. Namna moja ikikosekana au ikiwa na kasoro, rangi fulani hazipambanuki. Mara nyingi mtoto huurithi kwa mama ambaye mwenyewe huona sawasawa, na wavulana huupata zaidi ya wasichana. Bwana John Dalton, mwanasayansi wa Uingereza, alieleza upofu wake mwenyewe mwaka 1794. Katika Ulaya ya kaskazini, wanaume wapatao 8 katika kila 100 wanao. Afrika ni wachache zaidi, lakini wapo.

Sasa tuitazame Chimala yetu. Upande mmoja ni milima, ambako barabara ya Hamsini na Saba hupanda kwa kona kali mpaka Matamba. Upande wa pili ni tambarare ya Usangu na mashamba ya mpunga. Kontua za kahawia zikipita juu ya kijani, na barabara nyekundu katikati, mwenzetu haoni mlima wala njia. Kwa hiyo nilichora ramani ya Chimala kwa kanuni nne.

Kwanza, nilitumia bluu na rangi ya chungwa badala ya kijani na nyekundu. Pili, rangi moja niliifanya nyepesi, ya pili nzito. Tatu, kila rangi niliipa alama: mpunga vistari, msitu miti midogo, barabara mistari miwili. Nne, majina niliyaandika mahali penyewe, si katika ufunguo tu.

Mwenzetu aliifuata Hamsini na Saba kwa kidole mpaka Matamba bila kuuliza mtu.

Ukitaka kuijaribu ramani yako, itoe nakala nyeusi na nyeupe. Ikisomeka bado, yafaa kwa wote.

Walimu na wazazi wetu, mwanafunzi akikosa swali la ramani, kabla ya kumwita mzembe, tafadhalini mwulizeni kwanza anaona nini.