Ajali na Kinga Yake

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga, nasi huyarudia maneno hayo hasa tusimamapo mbele ya jeneza dogo. Neno lenyewe, kwa asili yake ya Kiarabu, lilikuwa na maana ya siku ya kufa aliyokwisha kuwekewa mtu. Hatumlaumu mfiwa anayejiliwaza hivyo. Lakini yatupasa kulipima neno hilo kwa hesabu.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF walikadiria kuwa watoto wapatao 830,000 walio chini ya miaka 18 hufa kila mwaka kwa ajali: barabarani, majini, motoni, kwa kuanguka na kwa sumu. Katika kila watoto 100 wafao kwa kuumia, zaidi ya 95 walikuwa wa nchi maskini na zile za kipato cha kati. Siku ya kufa, kumbe, huwajua maskini!

Je, mama wa Ulaya ana macho makali kuliko mama zetu? Hata kidogo. Katika Uswidi, mwaka 1969, wavulana 24 katika kila 100,000 walikufa kwa kuumia. Mwaka 1999 walikuwa 5. Watoto hawakuacha utundu. Barabara, nyumba na magari ndivyo vilivyotengenezwa upya.

Nasi twanunua mafuta ya taa kidogo kidogo, kwa kuwa mfuko ni mwembamba, na kuyatia katika chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu aijua chupa, kilichomo hakijui. Huko Afrika Kusini familia zilipopewa vyombo vyenye kifuniko kisichofunguliwa na mtoto, waliodhurika kwa sumu hiyo walipungua karibu nusu. Kifuniko tu! Katika Bangladesh watoto wadogo huzama zaidi asubuhi, mama akiwa kazini. Vijiji vilipoweka mlezi wa kuwatunza pamoja saa hizo, vifo vilipungua kupita nusu. Na Dar es Salaam, palipojengwa njia za miguu, vivuko na matuta karibu na shule, majeruhi walipungua kwa kadiri ya robo.

Basi mwenye kisima kisichofunikwa, muuza mafuta, na mkubwa aliyepitisha barabara mlangoni pa shule, hao nao waulizwe, kabla mama hajaulizwa, “Ulikuwa wapi?”