Wasii na Mali ya Mzazi Aliyefariki

Mtu afapo, mali yake hutoka mkononi mwake, lakini madeni yake hubaki shingoni mwake. Katika miji yetu ya pwani yaonekana mara nyingi kwamba mwana mkubwa hushika funguo za nyumba, akapokea kodi za wapangaji, na miaka ikapita pasi na mdai kulipwa wala mrithi kupewa haki yake. Akiulizwa hujibu: “Mimi ndiye wasii.” Basi na tuutazame uwasii ni kitu gani.

Wasii si mwenye mali. Ni mwenye amana. Mali iliyoachwa na maiti huitwa tarika, na ndani yake mna haki nne zenye kufuatana, wala haifai iliyo nyuma kutangulizwa mbele.

Ya kwanza ni gharama za maziko, kwa kiasi, bila ya israfu. Karamu za hitima hazimo katika gharama hizo. Apendaye kuwalisha watu na awalishe kwa mali yake, si kwa mali ya mayatima.

Ya pili ni madeni. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni la dinari asiloliachia malipo, naye hakumsalia mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile. Kwa hivyo wasii na aandike kila deni: la dukani, la benki, na mahari ya mjane yaliyosalia, ambayo wengi huyasahau. Zaka iliyocheleweshwa na Hija iliyomlazimu marehemu asiitimize ni madeni pia. Tarika isipotosha, warithi hawalazimiki kutoa mifukoni mwao, ingawa kumlipia mzazi ni wema mkubwa.

Ya tatu ni wasia, usiozidi thuluthi ya kilichobaki. Wala mrithi hausiwi ila wenziwe waridhie.

Ya nne ni mirathi yenyewe. Tuseme marehemu ameacha Sh. 1,200,000, mke, wana wawili wanaume na binti mmoja, wala hana wazazi walio hai. Maziko 30,000, madeni 270,000: zimebaki 900,000. Wasia 300,000: zimebaki 600,000. Mke apata thumuni, 75,000. Zilizosalia, 525,000, zagawanywa mafungu matano: kila mwanamume 210,000 na binti 105,000. Aliyegawanya kabla ya kulipa deni amegawanya mali ya watu.

Serikali nayo ina sharti zake. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, yakataza mtu kujiingiza katika mali ya maiti bila ya idhini ya sheria. Basi wasii asiuze kiwanja wala asitoe pesa za benki au za simu kabla ya kupata hati ya mahakama. Na Katiba ya mwaka 2010 yampa Kadhi uwezo wa kuhukumu mirathi ya Waislamu ikiwa wote wanaohusika wamekubali kuhukumiwa naye.

Ndugu yangu uliyeachiwa amana hii, weka daftari la kila senti iingiayo na itokayo, na uwaonyeshe warithi, wake kwa waume. Ukiwakabidhi mayatima mali yao, weka mashahidi. Kula mali ya yatima kwa dhulma ni kula moto, na mzazi wako angali akingoja deni lake lilipwe.