Kabla Uvimbe Haujasafiri: Mwongozo kwa Familia za Mkwiro

Mwanamke wa Mkwiro, kijiji chetu cha kisiwani, akigundua uvimbe kwenye titi, safari ya hospitali inaanza kwa chombo. Huvuka hadi Shimoni, akashika matatu hadi barabara kuu ya Lunga Lunga, akafika Msambweni, na mara nyingi huambiwa aendelee hadi Likoni, apande feri, afike hospitali kuu ya Mombasa ambayo watu wa pwani wengi bado huiita Makadara. Kila kituo kinataka nauli na kinakula siku. Katika siku hizo ndipo simu zinapoanza kuleta habari: wazungu wamegundua jeni inayozuia kansa isienee, kuna dawa ya kuiamsha, kuna mtu anaiuza.

Jeni hiyo ipo. Dawa yake haipo. Mwongozo huu ni wa yule anayemsindikiza mgonjwa, awe binti, mume, wifi au shangazi, kwa sababu msindikizaji ndiye anayeshika bahasha, ndiye anayeuliza maswali na ndiye anayeombwa pesa.

Hatua ya kwanza: Ifahamu jeni, ili usiuziwe

Jina lake ni NME1, na zamani iliitwa nm23. Mwaka 1988 Patricia Steeg na wenzake, katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, walichunguza seli za kansa ya ngozi za panya. Zote zilikuwa za asili moja, lakini baadhi zilikuwa hodari wa kuenea hadi mapafuni na nyingine zilienea kwa nadra. Watafiti wakatafuta ni kitu gani kimo kwa wingi ndani ya zile tulivu na kimepungua ndani ya zile kali. Walichokipata ndicho nm23, na ilikuwa mara ya kwanza kutambuliwa jeni ya aina hiyo. Kuanzia 1991 majaribio ya kuirudisha kwenye seli kali yalionyesha jambo ambalo ndilo kiini cha mwongozo huu: kuenea kunaweza kupungua hata pale uvimbe wa mwanzo unapoendelea kukua.

Maana yake ni kwamba kukua na kusafiri ni mambo mawili. Ili seli ya kansa itoke kwenye titi ikaota kwenye mfupa au ini, lazima ijitoe kwa wenzake, itambae, iingie kwenye mshipa wa damu au wa limfu, isife njiani, itoke upande wa pili, kisha ipate makao mapya. Nyingi hushindwa njiani. Ugumu huo ndio unaompa mgonjwa muda, na hatua zote zinazofuata ni za kuutumia muda huo vizuri.

Kazi ya jeni ni kutengeneza kimeng'enya, protini ndogo ya asidi-amino 152 ambayo hufanya kazi ikiwa imeungana sita sita. Kimeng'enya hicho huchukua fosfeti kutoka kwa molekuli iliyo nayo, hasa ATP, huishika kidogo kwenye asidi-amino ya 118, kisha huikabidhi kwa molekuli isiyo nayo. Ni sawa na mtu anayekutumia kredo kutoka kwenye simu yake: hakuna kredo mpya iliyozaliwa, imehama tu kutoka kwa mwenye nayo. Kazi hiyo ilijulikana tangu 1953, miaka mingi kabla ya yeyote kuihusisha na kansa. Lakini haitoshi kueleza kila kitu. Watafiti walipobadilisha asidi-amino moja, ile ya 96, kimeng'enya kiliendelea kukabidhi fosfeti kama kawaida, ila kikashindwa kupunguza mwendo wa seli. Kwa hiyo kina namna nyingine ya kuzishika seli, na hiyo bado inatafitiwa.

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Katika kansa ya neva ya watoto iitwayo nyuroblastoma, wingi wa NME1 huandamana na ugonjwa mkali zaidi. Kitu kinachotuliza kansa moja chaweza kuwa rafiki wa kansa nyingine. Anayekuuzia unga au chai ya "kuongeza jeni" hajui anachokiongeza, wala hana namna ya kukiongeza.

Na kuna jambo la sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu. Dawa iliyomo, medroksiprojesteroni, iliwahi kupandisha kiwango cha nm23 kwenye seli za maabara. Ikajaribiwa kwa kipimo kikubwa kwa wanawake ambao kansa ya titi ilikuwa imeshaenea. Matokeo yaliyochapishwa 2014 yalikuwa hafifu, na haikuwa tiba. Mwenye uvimbe asiende kudungwa sindano hiyo akidhani anajikinga. Kinyume chake, anayeitumia na amegundua uvimbe amweleze daktari, kwa sababu ni dawa ya homoni.

Hatua ya pili: Kagua, wala usingoje kuumwa

Uvimbe wa kansa ya titi mwanzoni mara nyingi hauumi. Hilo ndilo linalowachelewesha wengi, hasa wanawake wa mwani na wa pweza, ambao bega na mkono huwauma kila siku kwa kazi na hawana sababu ya kushughulikia kitu kidogo kisichouma.

Jikague mara moja kwa mwezi, siku chache baada ya hedhi kwisha. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja asiibadilishe. Lala chali, weka mkono mmoja nyuma ya kichwa, tumia matumbo ya vidole vitatu vya mkono wa pili, na upapase titi lote hadi ndani ya kwapa. Kwapa lisisahauliwe: matezi yake ndiyo kituo cha kwanza cha seli zinazosafiri. Unatafuta uvimbe mgumu, ngozi iliyobonyea au iliyonenepa, chuchu iliyoingia ndani ilhali zamani haikuwa hivyo, au damu ikitoka kwenye chuchu. Wanaume nao huugua, ingawa ni wachache, na kwa kuwa hakuna anayewatarajia huchelewa zaidi.

Ukiona kimojawapo, nenda zahanati wiki hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: Andika ukoo

Chukua daftari. Andika nani aliugua kansa, ya wapi, akiwa na umri gani, upande wa mama na upande wa baba pia. Kwenye visiwa vyetu ambako watu huoana ndani ya ukoo, mtu mmoja aweza kuonekana pande zote mbili. Mwandike pande zote mbili.

Usichanganye mambo hapa. NME1 kwa kawaida hairithiwi ikiwa mbovu; hupungua ndani ya uvimbe wenyewe, kwa hiyo hakuna kipimo cha damu cha NME1 cha kumpima binti yako. Zinazorithiwa ni jeni kama BRCA1, ambayo ipo kwenye mkono ule ule wa kromosomu ya 17, na BRCA2. Iwapo ukoo una wanawake kadhaa waliougua titi au ovari, au mmoja aliyeugua kabla ya miaka 50, mwonyeshe daktari lile daftari na umuulize kuhusu kipimo cha hizo.

Hatua ya nne: Panga safari kabla ya kuvuka

Jiandikishe kwenye bima ya afya ya serikali, SHA, kupitia *147# na uhakikishe michango imelipwa, kisha uulize hospitalini kiwango cha kansa ni kiasi gani kwa mwaka na kinagharamia nini. Omba barua ya rufaa kutoka zahanati. Piga simu Msambweni ujue siku ya kliniki ya upasuaji ni ipi, maana kufika siku isiyo yake ni nauli ya bure. Msimu wa kusi bahari ikichafuka, vuka siku moja kabla na ulale kwa ndugu wa Shimoni au Ukunda. Miadi ikipotea, ijayo inaweza kuwa baada ya wiki nyingi.

Hatua ya tano: Kinyama

Kinyama ni kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa ili kipimwe. Hapa tukae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kesi nyingi huharibika.

Hofu kubwa ni ile inayosemwa kila baraza: kansa ikiguswa na chuma inaenea. Watu wamewaona jamaa zao wakichukuliwa kinyama kisha wakafariki, na wakaunganisha mambo hayo mawili. Ukweli ni kwamba wengi wao walifika ugonjwa ukiwa umeshasafiri. Sindano ya kinyama hutoa vipande vyembamba vya nyama, na wanawake waliochukuliwa kinyama kwa sindano hawaishi muda mfupi kuliko wengine kwa sababu yake. Kama ulivyoona kwenye hatua ya kwanza, kuenea kunaitaka seli iweze mambo mengi, na sindano haiipi uwezo huo. Kinachomdhuru mgonjwa ni kutibiwa bila kujua anatibiwa nini.

Kwa hiyo usikubali uvimbe ukatwe, ukatupwa kwenye ndoo, na ukaambiwa umekwisha. Chochote kilichotolewa mwilini kwa shaka ya kansa lazima kiende maabara ya patholojia.

Mara nyingine msindikizaji ndiye anayekabidhiwa kichupa akipeleke. Ukikabidhiwa, fanya hivi. Tazama kama nyama imezama yote ndani ya dawa, iitwayo fomalini. Dawa inapaswa kuwa nyingi takriban mara 10 ya ujazo wa nyama. Mdomo wa chupa uwe mpana, ili nyama iliyokakamaa iweze kutolewa bila kukatwakatwa. Jina kamili, tarehe, na titi gani, la kulia au la kushoto, viandikwe ubavuni mwa chupa, si kwenye kifuniko, kwa maana vifuniko hubadilishana. Usiongeze maji. Usiweke kwenye barafu, hata kama samaki wako huwaweka humo. Fomalini ni sumu: ikimwagika mkononi osha kwa maji mengi, na usifungue chupa ndani ya matatu. Nyama inapaswa kuingia kwenye fomalini ndani ya saa moja tangu kutolewa, na ikae humo kati ya saa 6 na 72. Ikikaa siku nyingi zaidi kwenye kabati la mtu, vipimo vya protini vinaweza kutoa jibu la uongo. Basi ukikabidhiwa Ijumaa jioni, uliza kabla hujaondoka kama maabara inapokea Jumamosi.

Hatua ya sita: Soma ripoti pamoja na daktari

Omba nakala yako. Tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni daraja, 1 hadi 3, linaloeleza seli zimebadilika kiasi gani. Cha pili ni ER, PR na HER2. Hizi ndizo protini zinazoamua dawa: mwenye ER hupewa dawa za kuzuia homoni, mwenye HER2 nyingi ana dawa yake mahususi. Ikiwa ripoti haina vitu hivi na jibu ni kansa ya titi, uliza vitapimwa lini, kabla ya kemo kuanza. Cha tatu ni T, N na M: ukubwa wa uvimbe, matezi, na kusafiri mbali. N0 ni kwamba matezi ni safi. 2/12 ni kwamba matezi 12 yalipimwa na 2 yakakutwa na kansa. M1 ni kwamba imeshafika kiungo kingine.

Hutaona NME1 kwenye ripoti, wala usiidai. Uvimbe wenye NME1 kidogo ulihusishwa na kuenea katika baadhi ya tafiti, nyingine hazikuona hivyo, na hakuna daktari anayechagua dawa kwa kuitazama. Nauli yako itumie kwenye ER, PR na HER2.

Hatua ya saba: Matibabu

Kemo na mionzi vinapatikana Mombasa. Muulize daktari lengo ni kuponya au kutuliza. Una haki ya jibu la wazi, hata likiwa zito. Dawa za miti shamba unazotumia mtajie zote bila aibu, kwa sababu nyingine hugongana na kemo. Baada ya matibabu rudini upesi kukiwa na maumivu ya mfupa yasiyoisha, kukohoa au kukosa pumzi, macho kuwa manjano, au kichwa kuuma kila asubuhi.

Hatua ya nane: Tunza namba ya nta

Maabara ikimaliza kupima, nyama huachwa ndani ya kipande kidogo cha nta, na nta hiyo huwekwa stoo. Kila kipande kina namba, na namba hiyo imeandikwa juu ya ripoti. Inakiliwe kwenye lile daftari la ukoo pamoja na jina la maabara na mwaka, kisha ripoti ipigwe picha na kutumwa kwa ndugu wawili, mmoja wao awe anaishi bara. Mgonjwa akihamishiwa Nairobi, au dawa mpya ikija na kipimo chake, iwe ya NME1 au ya jeni nyingine yoyote, daktari ataomba nta hiyo ikatwe ukanda mwembamba, na mama hatalazimika kuvuka tena kwenda kudungwa.