Vichocheo katika Utengenezaji wa Haidrojeni kutokana na Methani

Haidrojeni huhitajika kwa wingi katika kutengeneza amonia, nayo amonia ndiyo asili ya mbolea nyingi za viwandani, kama vile yurea. Sehemu kubwa ya haidrojeni hiyo hupatikana kutokana na methani, gesi iliyo nyingi kuliko nyingine zote katika gesi asilia, ikiwamo ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974. Molekuli ya methani ina atomu moja ya kaboni iliyoshikamana na atomu nne za haidrojeni. Kuzitenganisha kunawezekana, swali gumu ni kaboni iende wapi.

Katika njia iliyozoeleka, methani na mvuke hupitishwa ndani ya mabomba yenye kichocheo cha nikeli, katika joto la nyuzi 700 hadi 1000 za Sentigredi:

CH4 + H2O → CO + 3H2

Kisha kaboni monoksaidi humenyuka na mvuke mwingine, kwa msaada wa kichocheo chenye oksaidi ya chuma:

CO + H2O → CO2 + H2

Kichocheo ni kitu kiharakishacho mmenyuko pasipo chenyewe kumalizika. Mfano wake ni msafiri aliyeonyeshwa njia ya bondeni badala ya kupanda kilele cha mlima: hufika upesi zaidi, lakini aanziapo na aishiapo ni palepale. Kwa hiyo kichocheo hakibadili mazao yanayoandikwa katika mlinganyo. Jumla ya milinganyo hiyo miwili huonyesha kwamba gramu 8 za haidrojeni huambatana na gramu 44 za kaboni dioksaidi. Yaani, kilo 5.5 kwa kila kilo 1 ya haidrojeni, mbali na ile itokayo katika kuyapasha moto mabomba. Gesi hiyo huzidisha joto la dunia.

Ipo njia ya pili, isiyotumia mvuke:

CH4 → C + 2H2

Kwa kuwa hapa hakuna oksijeni, kaboni dioksaidi haitokei. Kaboni hubaki ikiwa yabisi. Hata hivyo, kaboni hiyo huigandamia nikeli kama masizi yagandamiavyo sufuria, na methani ikikosa kuigusa nikeli, mmenyuko hufifia. Masizi yakichomwa kwa hewa, kichocheo hurudia nguvu zake, lakini kaboni dioksaidi nayo hurudi.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walitangaza utatuzi mmoja. Nikeli peke yake huyeyuka katika nyuzi 1455. Wao waliiyeyusha ndani ya bismuthi, ambayo huyeyuka katika nyuzi 271. Methani ilipopitishwa kama mapovu ndani ya kimiminika hicho, kwa nyuzi 1065, asilimia 95 yake iligeuka kuwa haidrojeni na kaboni. Kaboni, kwa kuwa ni nyepesi, ilielea juu na ingeweza kuenguliwa, nacho kichocheo kikabaki safi.

Njia hii nayo ina gharama yake: kila moli ya methani hutoa moli 2 tu za haidrojeni, badala ya 4.

Zoezi
1. Onyesha kwamba njia ya pili hutoa kilo 3 za kaboni kwa kila kilo 1 ya haidrojeni.
2. Katika njia ya kwanza, nusu ya haidrojeni hutoka katika kitu gani kisichokuwa methani?