Mchezo Ni Nini, na Jinsi ya Kuanza Kuubuni

Huko Kakamega, sehemu za Khayega na Shinyalu, watu hukusanyika asubuhi kutazama mafahali wawili wakipiganishwa. Fahali akigeuka na kukimbia, ameshindwa, na kila mtazamaji amekwisha jua. Bila kanuni hiyo, ungekuwa ugomvi wa wanyama tu.

Mchezo, basi, ni mashindano yenye kanuni zilizokubaliwa kabla ya kuanza, na yenye mwisho ujulikanao. Ndivyo lilivyo bao la Kiswahili. Lina mashimo 32 na kete 64, lakini kete na mashimo peke yake si mchezo. Hapana budi wachezaji wajue kwamba aliyeishiwa kete katika safu yake ya mbele, au asiyeweza tena kucheza, ameshindwa.

Anayetaka kubuni mchezo wake asianze na jambo kubwa kama bao, ambalo hata wazee hawalimalizi kujifunza. Yafaa achimbe mashimo sita tu, matatu kwa kila mchezaji, na kutia punje tatu za mahindi katika kila shimo. Kwanza aamue mshindi atajulikanaje. Ndipo aamue jinsi punje zitakavyosogezwa. Kisha amwite jirani wacheze mara kumi. Ikiwa anayetangulia kucheza hushinda kila mara, mchezo una kasoro. Abadilishe kanuni moja, wala si tatu kwa pamoja, asije akakosa kujua ni ipi iliyoutengeneza.

Mwishowe awape watoto, naye anyamaze. Wakigombania ushindi, kosa si lao. Kuna kanuni aliyosahau kuisema. Aiseme, wacheze tena.