Kadi ya Benki Safarini: Fedha Husafirije?

Mwanafunzi wa Dar es Salaam anapowasili London kwa masomo, noti zake za shilingi haziwezi kumnunulia hata mkate. Lakini akiingiza kadi ya benki yake katika mashine ya kutolea fedha, hupata pauni kwa muda wa sekunde chache. Je, pauni hizo zimetoka wapi? Hakuna noti iliyosafiri. Kilichosafiri ni ujumbe.

Mashine ya namna hii ilifunguliwa Enfield, kaskazini mwa London, tarehe 27 Juni 1967. Haikupokea kadi ya plastiki, bali hundi ya karatasi iliyotiwa kaboni-14, yaani kaboni yenye mnururisho hafifu, ili mashine iweze kuitambua. Haikuweza kuuliza mteja ana akiba kiasi gani. Kwa hiyo ilitoa pauni 10 tu.

Mashine za leo huuliza. Ujumbe hupita hatua hizi:

1. Mashine husoma kadi, na msafiri huandika namba yake ya siri.
2. Benki yenye mashine hupeleka ombi kwenye mtandao wa kadi unaounganisha benki za nchi nyingi.
3. Tarakimu za mwanzo za namba ya kadi huonyesha benki iliyoitoa, na ombi hupelekwa huko.
4. Benki hiyo hukagua salio, kisha hujibu ndiyo au hapana. Benki hizo hulipana baadaye.

Utepe wa sumaku ulio nyuma ya kadi hubeba habari zisizobadilika. Mwizi akizinakili, aweza kutengeneza kadi nyingine. Kipande cha silikoni kilicho mbele ya kadi ni kompyuta ndogo. Kwa kutumia ufunguo wa siri usiotoka ndani yake, hukokotoa alama mpya kwa kila malipo. Alama ya jana haifai leo.

Hata hivyo, sayansi hiyo haimkingi msafiri asiyejua hesabu. Mara nyingi mashine humwuliza: "Utozwe kwa pauni au kwa shilingi?" Wengi huchagua shilingi kwa kuwa wameizoea. Tuchukue mfano wa kubuni. Msafiri ataka pauni 100. Mtandao wa kadi huhesabu pauni 1 kwa shilingi 3,400, na benki yake huongeza ada ya asilimia 2:

100 × 3,400 = 340,000
340,000 × 2/100 = 6,800
Jumla: shilingi 346,800

Mwenye mashine huhesabu pauni 1 kwa shilingi 3,600:

100 × 3,600 = shilingi 360,000

Aliyechagua shilingi amepoteza shilingi 13,200, na huenda benki yake ikamtoza ada pia. Kwa kawaida, basi, ni heri kuchagua fedha ya nchi uliyomo.

Kabla ya kuondoka, msafiri aiarifu benki yake, na achukue kadi ya pili, aiweke mbali na ile ya kwanza. Namba ya siri asiiandike kamwe pamoja na kadi.

Maswali

1. Kwa nini ni rahisi zaidi kunakili utepe wa sumaku kuliko kipande cha silikoni?
2. Ikiwa kila utoaji una ada ya shilingi 10,000, linganisha ada ya kutoa pauni 20 mara tano na ya kutoa pauni 100 mara moja.
3. Katika mfano wetu, ada ya benki ingepaswa kufika asilimia ngapi ili chaguo zote mbili zilingane?